Sarafu ya Mollo na Sahihi Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu kidogo cha rupia za Mjerumani, nikaambiwa nizipange kwa rangi kabla hazijaingia motoni. Lilikuwa duka la sonara, hapa Mazwi mjini Sumbawanga. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya masista, nafasi ya kuendelea sikupata. Sonara mwenyewe tulimwita Fundi. Watu wa Ufipa walimletea sarafu za fedha walizoachiwa na babu zao, naye akaziyeyusha kutengeneza hereni na bangili za harusi. Kazi yangu ilikuwa kutenga fedha safi na ile iliyochanganywa.

Fundi alinifundisha kwa masikio kabla ya macho. Aliangusha sarafu mbili juu ya jiwe la kunolea, moja baada ya nyingine.

"Umesikia, Oresta?"

"Ya kwanza inalia, Fundi. Ya pili inagota."

"Ya kwanza imegongwa. Ya pili imemiminwa."

Sarafu ya kugongwa ni kipande cha madini kilichowekwa kati ya mihuri miwili ya chuma na kupigwa kwa nguvu, picha ikajichora pande zote mbili kwa pigo moja. Ya kumiminwa imeyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, kama wanavyofanya waigaji wengi. Ukiitazama kwa lenzi utaona vitundu vidogo kama vya mkate, na ukingoni kuna mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ninyi vijana mna simu zinazopiga picha hadi unywele, lakini bado nawashauri muisikie sarafu ikianguka.

Nilikaa kwa Fundi miaka mingi. Sijui niliyeyusha rupia ngapi, wala wakati ule sikuona ubaya. Wenye nazo walitaka hereni.

Fundi alipozeeka akafunga duka na kuhamia kwa watoto wake Mbeya. Mwaka huo huo alifika mjini mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa Mkuu wa Ununuzi wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokusanya sarafu za zamani kwa ajili ya watu wanaozihifadhi, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwakilisha Rukwa. Alinikuta nyumbani nikisugua heller ya shaba, ile senti ya Mjerumani, kwa majivu na ndimu ili nimwonyeshe iking'aa. Akaninyang'anya kitambaa.

"Mama, umeshaiua hiyo," alisema. "Hilo gamba la kahawia ndilo umri wake. Ukilitoa, mnunuzi anajua umelitoa, na hakuna dawa ya kulirudisha."

Nilidhani ajira imenipita. Akaniajiri hivyo hivyo, akasema afadhali mtu aliyekosea mbele yake kuliko anayekosea mgongoni.

Kituo changu cha kwanza kwake kilikuwa Kasesya, mpakani na Zambia. Nilipewa meza kando ya mgahawa ambapo madereva wa malori walisubiri karatasi zao za forodha. Nilinunua senti za tundu za enzi ya Mwingereza, sarafu za Rhodesia, na vibati vya posho. Vibati hivi havikuwa fedha halali. Vilikuwa vipande vya shaba vyenye namba ambavyo wenye mashamba na migodi waliwapa vibarua ili wachukue unga katika duka la mwajiri. Wengi walinicheka kwa kununua vitu hivyo. Kumbe kibati kimoja cha shamba lililokwisha kufa huweza kutafutwa na wahifadhi wengi kuliko rupia ya fedha.

Baada ya Kasesya nilipelekwa Dar es Salaam kusomea upangaji wa madaraja. Daraja ni namba, kuanzia moja hadi sabini, inayoeleza sarafu imechakaa kiasi gani tangu itoke kwenye mihuri yake. Namba hiyo huitoi wewe unayeuza, wala hapewi kuitoa anayenunua. Hutolewa na kampuni ya tatu ambayo kazi yake ni hiyo tu. Wanaipokea sarafu, wanaipima, wanakata shauri kama ni halisi, kisha wanaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa, na juu yake wanaweka namba ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni. Sarafu waliyoikataa haipewi kasha. Inarudi ndani ya mfuko laini pamoja na karatasi.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee mwenye mikono inayotetemeka hadi ashike sarafu, hapo ikatulia. Alituambia kampuni za namna hii ni nyingi, nyingine nzuri na nyingine za kuganga njaa, na anayeichagua ndiye anayebeba dhambi yake.

"Mtauliza kama wanalipa wakikosea," alisema. "Mtauliza sarafu itapita mikono mingapi njiani. Hayo kila mtu anauliza. Lakini ulizeni pia huyo atakayekaa nayo mezani ameshashika ngapi za aina hiyo maishani mwake. Kama hajashika hata moja, msimpe."

Niliyaandika maneno hayo. Nikarudi Sumbawanga na cheo cha Mkaguzi wa Awali, maana yake mtu anayeitazama sarafu kwanza na kushauri ipelekwe wapi. Nilikishika cheo hicho hadi nilipostaafu, na kwa miaka mingi sikuwa na neno la kujilaumu. Wakubwa walibadilika. Mkuu wa Ununuzi aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Meneja wa Kanda, kijana nadhifu, mpole wa kauli, aliyejua biashara kuliko sarafu. Sina chuki naye hata leo. Yeye hakuwahi kuishika ile sarafu ninayotaka kuieleza.

Aliyeileta ni Mzee Kastori, mkulima wa kijiji cha Mollo. Alikuja asubuhi ya baridi, kofia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa shingoni mfuko wa rozari, na ndani yake, pamoja na rozari yenyewe, mlikuwa na kitambaa kilichofunga sarafu ya dhahabu. Upande mmoja tai. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima.

Mtu wa kazi yangu huiona sarafu hiyo vitabuni. Wajerumani waliigonga Tabora wakati wa vita vyao na Waingereza, katika karakana ya reli, kwa mashine ambazo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo nyingi zimegongwa vibaya, hapa picha imekolea, pale imefifia. Na kwa kuwa zinatafutwa sana, za kuiga ni nyingi kuliko halisi.

"Siiuzi," Mzee Kastori alisema kabla sijauliza. "Nataka karatasi."

"Karatasi ya nini, mzee?"

"Ya kusema ni ya kweli. Babu yetu Kapele alitoka hapa kwa miguu hadi Tabora. Alivuta mivukuto katika karakana hiyo. Wajerumani walipokimbia alipewa hii badala ya ujira wake. Baba alituambia hivyo, na sisi tumewaambia watoto. Sasa mdogo wangu Benedikto ameona mtandaoni za mfano huu zinauzwa kama mapambo. Anasema mbele ya watoto kwamba babu alitudanganya, aliiokota au aliiba, na kwamba ni shaba."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Nikisema mimi ni neno langu na lake. Mkwe wangu ana mimba. Akizaa wa kiume tulikubaliana aitwe Kapele. Benedikto anasema mtoto haitwi kwa jina la mwongo."

Nikaiweka kwenye mizani ya gramu, uzito ukawa sawasawa na wa kitabuni. Kipenyo sawa. Niliiangusha juu ya jiwe, ikalia. Kwa lenzi nikaona ukingo safi usio na mshono. Niliandika alama zake mbili za kuitambulisha: mkwaruzo mwembamba uliokatiza mguu wa nyuma wa tembo, na pengo dogo ukingoni juu ya mkonga. Dhahabu yake ilikuwa nyekundu kidogo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu Tabora waliichanganya na shaba na fedha. Nilijua ni halisi. Sikufikiri tu, nilijua, kama unavyojua sauti ya mwanao akiita nje.

Lakini neno la Mkaguzi wa Awali si karatasi. Nilimweleza Mzee Kastori kuhusu kampuni za kutoa madaraja, kwamba ziko za ng'ambo na ipo moja mpya yenye dawati Dar es Salaam. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Chagua wewe," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Niliandika barua nikishauri ipelekwe ng'ambo kwa kampuni ya zamani, yenye watu waliobobea katika sarafu za Afrika ya Mashariki. Kungoja kungekuwa miezi minane, pengine zaidi. Meneja wa Kanda alikuja Sumbawanga juma lile, akaniita ofisini na barua yangu mbele yake.

"Mama Oresta, hawa wapya tumeshaingia nao makubaliano. Wiki tatu jibu liko hapa."

"Wana mtu anayezijua za Tabora?"

"Wana mashine ya kusoma madini."

"Mashine itasema kuna shaba ndani, Meneja. Shaba imo. Nauliza kama yupo mtu."

Hakuwa na hasira.

"Umebakiza muda gani kazini, mama?"

"Mwaka na nusu."

"Basi tumalizane vizuri."

Akasogeza fomu. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifikiria mwaka na nusu, nikafikiria kiti changu na heshima ya kuagwa vizuri, nikatia sahihi pale palipoandikwa kwamba maoni ya kampuni yatakuwa ya mwisho.

Jibu lilirudi kwa wakati waliouahidi. Sarafu ilikuwa katika mfuko laini. Karatasi ilisema si halisi, na ilitoa sababu tatu: dhahabu imechanganywa, picha imefifia upande mmoja, na pambo la maua upande wa tai linaishia chini ya herufi isiyolingana na ile ya picha waliyokuwa nayo. Zile mbili za kwanza nilizijibu moyoni palepale. Ya tatu ilinitia shaka, kwa sababu picha ya kitabu changu nayo ilikuwa kama yao. Nilimpigia Meneja. Akasema fomu niliyosaini haina rufaa.

Nilikwenda Mollo mwenyewe. Walikuwa wamekaa uani, Mzee Kastori, mkewe Mama Skolastika, Benedikto, na mkwe aliyekuwa mjamzito, mtungi wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, katikati, wakinisubiri kama mtu anayeleta matokeo ya hospitali. Mzee aliniomba nisome kwa sauti. Nilisoma. Benedikto hakucheka kama nilivyoogopa. Alisema "Basi," akatazama chini.

Mzee Kastori aliitoa sarafu kwenye mfuko, akaigeuza kiganjani.

"Wewe uliishika," aliniambia. "Uliipima mbele yangu. Wewe unaonaje?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko sala zangu. Nilichomjibu ni hiki:

"Wenzetu wana mashine, mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Mama Skolastika akanikaribisha chakula. Nilikula.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, akaitwa Emanueli. Nilisikia Mzee Kastori aliacha kukaa kwenye vikao vya ukoo, kwa sababu kila alipoanza kusema jambo la wazee wa zamani kuna kijana alikohoa. Na nilisikia kwamba alimkabidhi sarafu mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa anaelekea Kasesya, bila kupatana chochote, akasema hataki kufa nayo nyumbani.

Mimi nikafika mwisho wangu. Kampuni iliniaga vizuri. Palikuwa na soda, kitenge, cheti chenye fremu, na hotuba ya Meneja wa Kanda kuhusu uaminifu. Nilishukuru kwa maneno machache.

Mstaafu wa kazi yetu haachi kutazama. Binti yangu alinifundisha kufungua katalogi za minada kwenye simu, nami nikawa naziangalia kila nimalizapo kufagia. Siku moja nilimwona tembo. Nikakuza picha kwa vidole. Mkwaruzo ulikatiza mguu wa nyuma. Nikakuza juu ya mkonga, pengo lilikuwepo. Alikuwa ndani ya kasha gumu la kampuni ile ya zamani niliyoiandikia barua, ana namba, ana daraja la juu, na neno halisi. Chini waliandika maelezo kwamba sarafu hizi ziligongwa kwa mihuri miwili tofauti, na katika mmoja pambo la maua huishia chini ya herufi moja, katika wa pili chini ya nyingine. Wanaozijua wanalijua hilo siku zote. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo karibu maisha yangu yote, na sikulijua.

Niliketi pale kitandani na ufagio mguuni. Kisha nikaenda mjini kwenye duka la kuchapisha, wakanitolea picha ile kubwa kwenye karatasi, nikapanda bodaboda hadi Mollo.

Mama Skolastika alikuwa anaanika ulezi kwenye turubai. Hakuinuka. Nilimsalimu, nikauliza mzee yuko wapi.

"Tulimzika wakati wa mavuno," alisema. "Ulikuwa hujui?"

Sikuwa najua. Nilimpa pole nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye ukingo wa turubai. Nilimweleza yote bila kujisitiri: kwamba nilijua tangu siku ya kwanza, kwamba niliandika barua, kwamba nilitia sahihi nyingine, kwamba nilipoulizwa pale uani nilijificha nyuma ya mashine. Nikampa picha. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la ulezi, akaitazama kwa muda, akanirudishia.

"Karatasi ya kwanza ulituletea wewe," alisema. "Hii nayo umeileta wewe. Sasa tuamini ipi?"

"Hii, mama. Hii ndiyo ya kweli."

"Na ile ulisema ni ya watu wenye mashine." Alianza tena kuutandaza ulezi kwa kiganja. "Mume wangu alimwita babu yake mwongo kabla hajafa. Alituita wote akatuambia tusiwarithishe watoto uongo. Usinitoe hapa nilipo, mama. Nimeshazoea."

Benedikto alitokea upande wa zizi. Alinyoosha mkono, nami nikampa picha. Alikuwa mtu mnene wa sauti kubwa siku za nyuma. Sasa alikuwa amepungua. Aliisogeza karibu na uso, kidole chake kikasimama juu ya mguu wa tembo.

"Huu mkwaruzo niliuchora mimi," alisema. "Kwa msumari. Nilikuwa sijaanza shule. Baba alipouona alimpiga kaka, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kuitunza. Kaka hakunitaja."

Mama Skolastika akaacha kutandaza. Ilikuwa dhahiri hajawahi kuisikia habari hiyo.

"Hakuwahi kunitaja," Benedikto akarudia, sasa kwa Kifipa, si kwa kutuambia sisi. Akaniuliza kama inaweza kurudi. Nikamwambia nitawaandikia wenye mnada. Akaikunja picha, akaiweka mfukoni, akaondoka kuelekea shambani, na hakugeuka.

Niliandika, binti yangu akinisaidia. Walijibu kwa adabu kwamba imeshanunuliwa na kwamba hawataji majina ya wanunuzi. Niliiandikia pia ile kampuni mpya ya Dar es Salaam. Barua pepe ilirudi. Dawati lao halipo tena, na chumba kile sasa wanauza vifaa vya simu. Meneja wa Kanda nilimpigia, akanisikiliza, akasema, "Pole sana mama, lakini wewe umeshastaafu, usijitese." Alisema kwa wema.

Wakati mwingine nakutana na Benedikto kanisani. Ananiamkia kwanza, ingawa tunalingana umri, na hanipi nafasi ya kusema lolote zaidi. Mtoto Emanueli ameanza shule. Nimeambiwa hakuna aliyewahi kumsimulia kuhusu Tabora; Mama Skolastika hataki, na Benedikto hajui aanzie wapi.

Vijana wananijia hadi leo na heller zao na vibati vya posho, wananiuliza wachague kampuni gani. Nawaeleza yote niliyofundishwa, hatua kwa hatua, na wanaandika. Wanaondoka wakinishukuru, wakidhani wamekutana na mtu anayeijua kazi. Niliijua kweli. Sarafu ya Mzee Kastori niliijua ilipokuwa kiganjani mwangu, na mwenyewe aliponiuliza, ameketi mbele yangu, ananitazama, nilikuwa na neno moja tu la kumwambia na sikumwambia.